Kibali cha Kutafuta Chuma

Machi 3, Jumatatu

Wamekuja asubuhi na kopo la rangi nyekundu. Wanaume wawili wa manispaa, mmoja na brashi, mwenzake na karatasi. Wakachora X kwenye ukuta wa chumba cha mama, ule unaotazama bustani ya umma, na chini yake wakaandika: BOMOA, MWISHO 30 APRILI. Nikauliza kulikoni. Mwenye karatasi akasema ramani inaonyesha nusu ya chumba kile imejengwa ndani ya bustani.

"Nusu ipi?" nikamuuliza. "Anapoweka kichwa au anapoweka miguu?"

Hakucheka. Mwenye brashi alicheka kidogo, akatazamwa, akaacha.

Daftari hili nimelinunua leo hii hii. Ofisini watu husema neno leo na kulikana kesho, basi mimi nitakuwa naandika.

Machi 4, Jumanne

Niandike jambo lenyewe sawasawa, ili hata hasira zikinipanda nisisahau. Mama haoni, huu mwaka wa sita. Lakini ukimkuta chumbani kwake huwezi kujua. Ana hatua zake: saba kutoka kitandani hadi mlangoni, nne hadi mezani kwenye birika, na kutoka mlangoni hadi chooni kumi na moja, mkono ukipapasa ukuta. Anajichemshia chai, anakunja nguo zake, anasikiliza redio na kugombana na mtangazaji. Mtoe humo, mlete sebuleni kwangu katikati ya cherehani na marobota ya vitambaa, awe mtu wa kushikwa mkono mpaka chooni. Hilo analiogopa kuliko kufa, na hilo ndilo ninalolipigania.

Marehemu baba aliwashikia wapima ardhi mnyororo kwa miaka ishirini na miwili. Kiwanja hiki kilipopimwa alikuwepo. Siku zote alituambia pembe yetu ya nyuma ina chuma cha mpaka, hatua nne nje ya ukuta wa chumba cha mama, na kwamba nyasi za bustani zimekimeza. Nikikipata hicho, ramani yao itanyamaza.

Machi 6, Alhamisi

Binamu yangu ni fundi bomba, ana mashine ya kutafutia mabomba yaliyofukiwa. Fimbo ndefu, chini yake sahani, ikipita juu ya chuma inalia. Nimeiazima nikaingia nayo bustanini saa mbili asubuhi. Sikufika hata kwenye benchi la kwanza. Mlinzi huyo. Mtaa mzima unamwita Afande, ingawa jeshi kalisikia redioni tu.

"Dada, hicho nini?"

"Fagio."

"Fagio linalolia?"

Akanipeleka mpaka kwenye ubao wa kanuni pale getini. Kumi na sita. Kanuni ya kumi na nne inasema hakuna ruhusa ya kuingia na chombo cha kutafutia vyuma bila kibali cha maandishi. Kati ya "usioshe gari" na "usifunge mbuzi". Nimepita getini pale miaka yote hii, sijawahi kuisoma.

"Kibali kinatoka wapi?"

"Ofisi ya bustani. Lakini sijawahi kukiona kimoja," akasema Afande, na nadhani alisema kwa kunihurumia. Mimi nilimwona mnoko.

Machi 11, Jumanne

Ofisi ya bustani ni chumba kimoja, feni moja, na mama mmoja mwenye miwani ya kamba ambaye nimempa jina la Bibi Muhuri, kwa sababu mihuri yake mitano ameipanga kwa urefu kama watoto mstarini. Akaniambia kuna fomu ya harusi, fomu ya kupiga picha na fomu ya mpira. Ya chuma hakuna.

"Sasa kibali kinachotajwa ubaoni kinaombwaje?"

"Kwa fomu."

"Ambayo hakuna."

"Ndiyo."

Nikakaa. Nilijiapiza sitoki. Baada ya kama saa nzima akanipa fomu ya harusi na kusema nikate neno harusi. Tukaanza kuijaza pamoja. Unatafuta nini? Chuma. Kina thamani? Nikisema kina thamani, fomu inakwenda idara ya mambo ya kale. Nikisema hakina, ataniuliza nakitafutia nini. Mwisho akavua miwani, akaifuta, akasema taratibu, "Andika kifaa cha upimaji. Hapo kitakuwa si mali ya mtu, ni mali ya serikali, na mwananchi anaruhusiwa kuitafutia serikali mali yake."

Kumbe ana akili huyu mama. Bado sijampenda.

Machi 12, Jumatano

Sasa zinatakiwa picha mbili na barua ya mjumbe wa mtaa. Mjumbe yuko safarini.

Machi 13, Alhamisi

Yuko safarini.

Machi 14, Ijumaa

Karudi, muhuri kausahau alikokwenda. Leo nimeshona mikono miwili ya kulia kwenye shati moja la shule. Mama kanisikia nikifumua, akasema, "Kiguu na njia, kaa chini."

Machi 18, Jumanne

Mvua ya kwanza ya maana. Kibali kimetoka. Kina masharti mengi kuliko mkataba wa kupanga nyumba: Jumamosi tu, saa moja hadi saa nne, mlinzi awepo, kuchimba kusizidi kiganja kimoja, nyasi zirudishwe, maua yasiguswe, na kila kitakachopatikana ndani ya mipaka ya bustani kiandikwe, hata kiwe nini. Nimekisoma kwa mama mara mbili. Akawasha redio. Nilidhani amechoka.

Machi 22, Jumamosi

Vizibo vya soda thelathini na kimoja. Misumari. Kijiko. Nusu ya mkasi. Afande anaandika kila kimoja kwenye daftari lake, kwa mwandiko wa darasani, na kila mara ananiuliza, "Kizibo, rangi gani?" Nilitaka kumpiga na mashine.

Jirani wa bondeni alikuja kwenye uzio kututazama. Mwalimu mstaafu, anaishi peke yake, nyumba yake iko chini ya yetu. Ndiye aliyeandika barua manispaa kulalamikia maji, na manispaa ndiyo ikatoa ramani yake ili ipitishe mtaro kando ya bustani. Chumba cha mama ndicho kilichokaa njiani. Akanisalimia. Nikaitika kwa kidevu.

Machi 29, Jumamosi

Nimekipata.

Hatua nne kutoka ukutani, kama alivyosema baba. Mashine ililia mlio mzito, si ule wa vizibo. Afande akapiga magoti mwenyewe, akakata nyasi kwa kisu, na nusu ya kiganja chini kikaonekana kichwa cha nondo, kimezungushiwa saruji. Nikakaa pale pale kwenye matope na sketi yangu ya kutokea. Afande akaandika: "Chuma cha mpaka. Kimoja. Hakikutolewa." Kisha akanipa mkono kama mtu aliyefaulu mtihani. Si mnoko. Ni mtu anayependa kazi yake, na mimi siku zote hizo nilikuwa na haraka.

Nikakimbia kumwambia mama. Alikuwa anakunja khanga. Akasema, "Umekiona cha juu." Nikamwambia ndiyo, kiko kama baba alivyosema. Akasema vizuri, akaendelea kukunja.

Nilitegemea atafurahi zaidi.

Aprili 2, Jumatano

Bibi Muhuri kanipa barua. Bomoabomoa imesimamishwa mpaka mpimaji afike kuthibitisha. Nilimpelekea kilemba cha kitambaa nilichomshonea, akakataa kwa sababu ni zawadi ya mwananchi kwa mtumishi, akaomba anipe hela yake, nikakataa, tukabishana mpaka foleni ikaanza kucheka. Mwishowe alikichukua.

Aprili 5, Jumamosi

Mvua siku nzima. Nimeisoma tena ile barua, na kuna mstari sikuuona kwa furaha: mpimaji atathibitisha chuma cha juu na cha chini.

Cha chini. Na mimi mtoto wa mshika mnyororo nilisahau. Baba alitueleza mara ngapi? Kila pembe hupigiliwa vyuma viwili. Cha juu ni cha watu, wakione. Cha chini kinazama mkono mzima ardhini, wima chini ya kile cha juu, na hicho ni cha ofisi. Mtu akihamisha cha juu, cha chini ndicho shahidi.

Basi kipo. Lazima kiwepo. Nimeomba kibali cha pili, cha kuchimba mkono mzima, ili mpimaji akija akute kila kitu tayari.

Aprili 9, Jumatano

Kibali cha pili tayari.

Aprili 12, Jumamosi

Niandike taratibu.

Saa moja tulikuwa pale, mimi na Afande na jembe. Tukachimba kando ya kile chuma, tukaenda chini, mkono mzima, mkono na nusu. Udongo mtupu. Afande akaniuliza kama nina hakika. Nikasema labda kimelala upande. Tukapanua shimo. Hakuna. Nikapitisha mashine ndani ya shimo, ikanyamaza. Saa nne ilipofika Afande akafukia, akarudisha nyasi, akazikanyaga kwa uangalifu, akaandika: "Hakuna kilichopatikana." Akaenda kunywa chai.

Ningekuwa mtu wa kutulia ningeingia ndani kushona. Lakini mimi miguu yangu haijui kukaa, na mashine ilikuwa bado mkononi, haijazimwa. Nikarudi nayo nyumbani nikiipitisha chini njia nzima, hatua kwa hatua, kama mtu anayepiga deki. Kimya. Nilipofika ukutani kwa mama, chini ya ile X, ikaanza kuguna. Nikaisogeza kulia, ikanyamaza. Nikaibana ukutani, ikaguna tena.

Nikazunguka, nikaingia chumbani. Mama alikuwa amekaa kitandani, redio imezimwa. Sikumsalimia. Nikapitisha mashine kwenye saruji, kutoka mlangoni kwenda ndani. Kitanda chake ni cha mbao, hakina hata msumari mrefu, baba alikiunga kwa gundi. Nilipoisukuma sahani chini ya uvungu, mashine ikapiga kelele mpaka birika likatetemeka.

"Umefika," mama akasema.

Nikaizima. Nikakaa sakafuni.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilimshikia kamba."

Akanieleza. Mimi nilikuwa na wiki sita, nalia kama niliyelipwa. Nyumba ilikuwa chumba kimoja na sebule, na sebuleni analala bibi, mama yake baba, mgonjwa. Kila nikilia bibi anaamka, bibi akiamka anakohoa, akikohoa baba halali, na saa kumi na moja alfajiri baba anatakiwa kazini. Nyuma kulikuwa na vichaka tu, bustani ilikuwa neno kwenye ramani. Jumapili moja asubuhi baba akatoka na jembe, akang'oa chuma cha juu, akakisogeza, akakijengea saruji upya. Mama akashika kamba ili mstari unyooke.

"Na cha chini?"

"Hicho alikiogopa. Nilimwambia kitoe. Akasema cha juu ni cha watu, cha chini ni cha ofisi, na yeye ni mtu wa ofisi, hawezi kugusa. Akakimwagia sakafu juu yake, akaweka kitanda." Mama akacheka kidogo, cheko la pumzi tu. "Amekwisha iba ardhi, lakini chuma cha serikali hagusi. Ndivyo alivyokuwa baba yako."

"Kwa nini hukuniambia? Mwezi mzima nahangaika na vizibo vya soda."

"Ulikuwa unanipigania. Mtu akipiganiwa hasemi sana."

Nilikasirika, naandika nikiwa bado nimekasirika. Nimemkasirikia baba, ambaye hawezi kujibu. Nimejikasirikia mimi kwa kutokwenda kunywa chai kama Afande. Chumba ninachokipigania kilijengwa kwa ajili yangu, ili nilie humo nisiwasumbue wenye nyumba.

Aprili 13, Jumapili

Nimetembea mtaa mara nne. Nimenunua uzi ambao ninao. Jambo ni hili: kibali kinasema kila kitakachopatikana ndani ya mipaka ya bustani kiandikwe. Mimi nimekipata ndani ya nyumba yangu, na Afande alikuwa ameshaondoka. Mtu akiniuliza, sijavunja sharti hata moja. Mpimaji akija atakuta cha juu, cha chini hakipo, ataandika kimeoza au kimepotea. Vyuma hupotea.

Lakini mpaka halisi ni kile cha chini. Kikiwa chini ya kitanda, basi kitanda nusu kiko bustanini, na mimi nilikuwa bustanini nilipokipata.

Nikamwuliza mama tufanyeje.

"Kibali kina jina la nani?"

"Langu."

"Basi."

"Nikisema, watabomoa chumba. Nataka useme wewe."

Akageuza uso, kama anayenitazama. "Unaniomba ruhusa ya kunitoa chumbani kwangu. Hiyo sikupi. Ukitaka kufanya, fanya, lakini usiniletee mimi nigonge muhuri."

Aprili 14, Jumatatu

Mvua ilianza kabla ya mapambazuko, na kulipokucha nilisikia ndoo zikigongana bondeni. Nilikwenda kwenye uzio kutazama, si kwa wema, niseme ukweli, ni udaku tu. Mwalimu alikuwa mlangoni kwake, gauni kalifunga kiunoni, anachota maji ya ndani na kuyamwaga nje, na yanarudi. Nikavuka.

Godoro lake liko juu ya meza. Meza iko juu ya matofali. Vitabu vyake kavining'iniza dirishani kwa kamba kama nguo. Ukutani kuna mistari ya penseli, kila mstari na mwaka wake, inaonyesha maji yalifika wapi. Nilihesabu kumi na tisa, nikaacha. Nilimdhania mtu wa fitina. Zaidi ya miaka kumi na tisa amekuwa akipima maji na kunyamaza, akaandika barua moja.

"Yanatokea wapi haya?" nikamuuliza, najua.

"Bustanini. Zamani yalikuwa yanapita nyuma ya kwenu, kulikuwa na kijito. Yakifika ukutani kwa mama yako yanageuka yanakuja kwangu." Akalisema bila ubaya, kama anavyowaeleza watoto darasani. "Simlaumu. Mama wa watu haoni, aende wapi?"

Tulichota mpaka saa sita. Mikono imechoka, ndiyo maana mwandiko huu umepinda.

Aprili 15, Jumanne

Nimekwenda. Sikumuaga mama. Nilipita mlangoni kwake nikasikia redio, nikaendelea.

Kumbe kwa kitu kilichopatikana kuna fomu, na ni fomu halisi, imechapwa. Bibi Muhuri akaiweka mbele yangu akaniazima kalamu. Kitu: chuma cha mpaka, cha chini. Aliyekipata: mimi. Mahali: ndani ya bustani.

Akaisoma kutoka upande wake, ikiwa kichwa chini. "Sehemu ipi ya bustani?"

"Chini ya kitanda cha mama yangu."

Feni ikazunguka. Akavua miwani. Akaniambia, taratibu kama siku ile ya fomu ya harusi, kwamba kibali changu kinahusu bustani tu, na kwamba yeye hawezi kupokea taarifa ya kitu kilichopatikana katika nyumba ya mtu. "Unanielewa, dada? Nikikurudishia fomu hii, hakuna atakayesema tumekosea."

Alikuwa ananifungulia mlango. Mtu wa kanuni kuliko ubao wenyewe, ananifungulia mlango, na mimi machozi yakanitoka mbele ya foleni.

"Pale si nyumba yetu," nikamwambia. "Ni bustani. Baba yangu alisogeza."

Akasubiri. Sikuirudisha kauli. Akavaa miwani, akachagua muhuri wa pili kwa urefu, akagonga. Nafasi ya thamani niliiacha wazi. Yeye hupenda kila nafasi ijazwe, lakini hakuniambia niijaze.

Nikamwambia mama jioni. Alisema, "Nimesikia," na akafunga mlango wake.

Aprili 16, Jumatano

Hasemi.

Aprili 19, Jumamosi

Hasemi na mimi. Na redio anasema. Afande kaja kutusalimia, bila daftari, akakaa naye nusu saa. Sijui walizungumza nini, walicheka.

Aprili 24, Alhamisi

Cherehani nimelihamishia barazani. Marobota nimeyapeleka kwa mwalimu, kaomba mwenyewe, kasema juu ya meza bado kuna nafasi. Sebule imebaki tupu. Nimeipiga deki mara mbili, kisha mara ya tatu.

Aprili 28, Jumatatu

Binamu na Afande wamehamishia kitanda cha mama sebuleni asubuhi. Mimi nikamshika mama mkono kumleta sebuleni, akauchomoa. Akaja mwenyewe mpaka kizingitini akipapasa ukuta, na pale ukuta ukaisha. Akasimama katikati ya sebule, mikono imenyooshwa mbele, mama yangu, kama mtu aliyeshushwa stendi asiyoijua. Nilitaka kulia, nilitaka kukimbilia ofisini kuomba fomu yangu, nilitaka kusogeza kitu. Nikasogeza kiti. Nikakirudisha. Nikaenda dirishani.

"Wewe," akasema. Neno la kwanza kwa siku kumi na tatu. "Mlango uko wapi?"

"Huku, mama. Mbele yako, kulia kidogo. Ngoja nikushike."

"Usinishike. Nenda kasimame mlangoni, useme."

"Niseme nini?"

"Chochote. Hujawahi kukosa maneno."

Nikaenda kusimama mlangoni. Nikaanza kumsomea kanuni za bustani, maana ndizo nilizozikariri: usioshe gari, usifunge mbuzi. Akapiga hatua moja, akahesabu kwa midomo. Mbili. Ya tatu goti likagonga kiti, nikaruka kukiondoa.

"Rudi," akasema mama. "Mlango hautembei. Ukihamahama nitaujuaje?"

Nikarudi. Nikasimama nikashikilia fremu kwa mikono miwili, nikaendelea kusoma, na yeye akarudi kitandani akaanza upya. Tumefanya hivyo mpaka adhuhuri. Ni hatua tisa.